Rangi ya Majivu kwenye Uso wa Mama

Mkono wa mama yangu ulikuwa wa baridi saa sita mchana, pale Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, kwenye jua linalokausha ndagala, dagaa wetu, kwa siku moja. Watu walipoanza kumwogopa walianzia hapo, kwenye mkono. Mtu anakuja na heshima zake zote, "Jambo mama, habari ya leo," anaupokea mkono, halafu unaona vidole vyake vinaanza kujiondoa kimoja kimoja. Mama alikuwa anacheka tu. Mimi sikuwa nacheka. Mimi ni mtu wa hasira tangu zamani, na mama mwenyewe alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga.

Nianze na moyo wake, maana kila kitu kilitoka huko. Moyo wa mama ulikuwa unapiga ovyo. Siku tatu nne unakwenda vizuri, halafu katikati ya kutwanga sombe, majani ya mihogo, unaanza kukimbia, unajikwaa, unasimama kidogo, unakimbia tena, na mama anakaa chini ameshika kinu kwa mikono miwili akingoja uishe. Siku moja tulikuwa Mboko, tumekwenda kununua mihogo, akaanguka kando ya barabara kama mtu aliyesukumwa. Alikaa bila fahamu muda mrefu, hadi mwanamke mmoja muuza mihogo akaanza kulia msiba. Nilimwambia anyamaze, tena si kwa maneno mazuri. Nilikuwa muuguzi mwenye diploma, nafanya kazi kwenye kituo cha afya, na mama yangu alikuwa amelala kwenye vumbi nami sina la kufanya zaidi ya kumshika mshipa.

Mjomba wangu alikuwa na mtumbwi wa mota. Wakati ule ziwa lilikuwa bado njia ya kila mtu, akatuchukua mpaka Bujumbura. Daktari wa kule, sisi tunasema munganga, aliposikia mimi ni muuguzi alinivutia kiti akanichorea kwenye karatasi. Kila pigo la moyo likiisha, alisema, nyama ya moyo inatoa nje chumvi moja inayoitwa potasiamu, kupitia vimilango vidogo ambavyo jicho halivioni. Chumvi ikishatoka, nyama inakuwa tayari kupiga tena. Kwa mama yako kuna sehemu zinakuwa tayari upesi mno, zinapiga kabla ya zamu yao na kuvuruga nyingine. Dawa hii inaziba vile vimilango. Chumvi inatoka polepole, kila pigo linachukua muda wake, na fujo inakosa nafasi. Jina la dawa ni amiodaroni.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Niliisoma yote njiani, mtumbwi unaruka na mimi nasoma. Ilisema mgonjwa ajihadhari na jua. Ilisema macho yanaweza kuona mambo. Na ilisema dawa isikutane na kwinini ya malaria, kwa kuwa kwinini nayo inagusa moyo kwa njia ileile, na zikikutana moyo unaweza kusimama. Mstari huo niliupigia kalamu nyekundu. Kumwambia muuguzi wa Baraka asishike kwinini ni kama kumwambia mpishi asishike moto, lakini nilijiapia.

Na dawa ilifanya kazi, jamani! Mama alirudi shambani. Alirudi kwenye kwaya. Alirudi kunisema kuhusu nyumba yangu chafu na wanaume niliowakataa. Mjomba alileta boksi jipya kila alipokwenda kuuza ndagala, na miaka miwili ikapita moyo ukienda kama saa ya ukutani. Usiku wa kuamkia Krismasi mama alicheza ngoma mpaka nikamwomba akae chini.

Kilichoanza ni taa. Jioni moja tulikaa mlangoni, wavuvi wameshatoka na taa zao, mama akanyoosha kidole kule ziwani.

"Unaona zile pete?"

"Pete gani, mama?"

"Kila taa iko na pete yake. Buluu ndani, nyekundu inje. Ni mingi sana. Ni kama kuko bantu banakaa mule ndani."

Nilijua ni dawa. Karatasi ilikuwa imesema, chembechembe zake zinatulia kwenye kioo cha jicho na mwanga unapasuka. Nilijua, na bado nilitazama kule anakotazama, nikamwambia tuingie ndani kuna mbu.

Baada ya taa ukaja uso. Ulianzia puani, ukapanda mashavuni, ukafika kwenye paji la uso mpaka pale anapofungia kitambaa cha kichwa, ukakoma hapo. Rangi ya majivu, lakini majivu yenye buluu ndani yake. Masikio pia, na mikono mpaka kwenye kiwiko. Jua lilipokuwa limegusa ndipo rangi ilipotokea. Akivua kitambaa unaona mstari, juu ya mstari ni mama yangu, chini ya mstari ni mtu mwingine. Nasema hivyo sasa. Wakati ule ningempiga kofi yeyote ambaye angesema hivyo mbele yangu.

Na walisema. Vita ya kwanza ya Kongo ilikuwa imepita juu yetu, watu wamezikwa bila jeneza, wengine hawakuzikwa kabisa, kila nyumba ina mtu aliyetoka asirudi. Watu waliozoea hivyo wakiona uso wa maiti unatembea sokoni hawahitaji maelezo ya kikemia. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto sita, aliniita kando kwenye bomba la maji.

"Usikasirike," akasema. "Mama yako alikufwa kule Bujumbura. Ule ulirudia naye, siye hatumujue."

"Unasema nini?"

"Alienda mugonjwa, akarudi muzima. Akarudi na mikono ya baridi. Sasa uso unatoka. Tunakuambia juu tunakupenda."

Nilimmwagia maji ya ndoo yake mwenyewe. Ndiyo, nilimmwagia, na sioni haya kusema. Halafu nilirudi nyumbani nikamkuta mama amekaa mbele ya kioo kidogo anachovalia hereni, anajitazama. Aliniuliza, bila huzuni yoyote, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "We ulikuwa na mimi siku zote kule hospitali? Hakuna siku ulitoka?" Nikasema sikutoka. "Hata siku moja?" Nikasema nilitoka mara moja kununua mkate. Akatikisa kichwa polepole, akavaa hereni zake. Siku ile hofu yao iliingia ndani ya nyumba, na iliingia kupitia yeye mwenyewe.

Kanisani benchi lake likabaki tupu kushoto na kulia. Nilikaa naye, nikaimba kwa sauti ya juu ili wasikie kwamba siogopi. Katika mtaa mzima ni mtu mmoja tu aliyeendelea kuja kwetu, mkunga mzee, yule yule aliyemsaidia mama kunizaa. Alikuwa bibi mfupi, jicho moja lina ukungu, hajui kusoma hata jina lake. Mimi na yeye tulikuwa hatupatani kazini. Wanawake walikuwa wakipitia kwake kwanza kabla ya kuja kituoni, na nilipowapokea nilikuwa nawauliza kwa kejeli, "Bibi amewapa majani gani leo?" Jambo moja alilishika sana, na wanawake wote wa Baraka walilijua: hakumpa mtu dawa kabla ya kuhakikisha dawa ya kwanza imetoka mwilini. Alikuwa anaangalia kucha, anaangalia weupe wa jicho, ananusa jasho la shingo. Akihisi kitu bado kimo, anamrudisha mgonjwa nyumbani. "Mi siwekake dawa juu ya dawa," alikuwa akisema. Tulimcheka sana kituoni.

Alimshika mama mkono bila kuuachia. Alimgeuza uso kwenye mwanga, huku na huku.

"Ile dawa ya muzungu imeingia mbali," akaniambia. "Haiko mu tumbo tena. Imeenda kukaa mu ngozi."

"Bibi, dawa inaingia tumboni, inakwenda kwenye damu, inatoka kwenye mkojo," nikamwambia. "Ndivyo inavyofundishwa shuleni."

"Ya yako inatokaka hivyo," akajibu. "Hii haijatoka."

Siku moja asubuhi wenye bunduki waliingia mtaani kwetu. Ukiniuliza walikuwa wa upande gani sijui, siku zile tulikuwa hatuulizi. Walipiga mlango wa jirani, wakachukua mbuzi, wakachukua redio, wakaja kwetu. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye jua, anachambua maharagwe, kichwa wazi. Wa kwanza alimwambia asimame. Mama akainua uso akamwangalia. Kijana yule alibaki mdomo wazi. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, akamgonga mwenzake, wakasemezana kwa lugha nisiyoijua, wakatoka uani kinyumenyume bila kutugeuzia mgongo. Mama akarudi kwenye maharagwe yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejikojolea.

Basi kumbe! Tangu siku hiyo, bunduki zikilia tu, walewale waliokataa benchi la mama walikuja kulala kwenye ua wetu, na magodoro yao na batoto yao, wamemzunguka mama lakini hakuna anayemgusa. Hata yule wa ndoo ya maji alikuja. Sikujua nicheke au nilie. Mama aliwapikia uji, wakaunywa huku wakimtazama pembeni. Nilijisikia kiburi, niseme ukweli. Nilijisikia kama mimi peke yangu ndiye mwenye akili katika mji wa wajinga.

Vita ya pili ilipokuja haikutuacha Baraka. Ziwa lilifungwa, mjomba akakwama ng'ambo na mota yake, nasi tukapanda milimani upande wa Fizi, familia kumi hivi, tukajenga vibanda kwenye shamba la migomba lililoachwa. Mkunga alikuja nasi kwa kuwa hakuwa na mtu Baraka. Binti yake aliolewa Lulimba, na njia ya Lulimba ilikuwa mbaya. Mimi nilibeba mfuko wangu wa kazi: bandeji, vidonge vya homa, vidonge vichache vya malaria vile vya dozi moja, ampuli za kwinini ya sindano, chupa moja ya serumu, yaani dripu, na mrija wake. Na boksi la mwisho la mama, limebaki safu moja.

Safu ikaisha. Asubuhi ya kidonge cha mwisho mama alikimeza, akalikunja boksi vizuri, akanipa. Tangu siku hiyo kila nikiamka, kabla ya kunawa uso, nilikuwa namshika mshipa na kungoja moyo wake uanze fujo yake ya zamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, nimemwandalia pa kulala, nimewaambia wanaume wakae tayari kumbeba. Wiki moja, mshipa unakwenda. Wiki mbili. Unakwenda polepole, sawasawa, bila kuruka, kama vile kidonge bado kinaingia kila asubuhi. Ilikuwa inatisha kuliko kama ungeruka. Wiki ya tatu nilianza kusema Mungu amemponya, na nikamwambia mama hivyo, naye akasema amina. Uso wake ulikuwa bado wa majivu. Mimi uso ule sikuwa nauona tena. Nilikuwa nimepigana miaka mingi kuwaambia watu kwamba uso si kitu, ni rangi tu, mpaka mwenyewe nikaamini kwamba si kitu.

Wiki ya tano malaria ikampata. Malaria ya milimani, ya baridi na mvua, ilimwangusha kwa siku mbili. Nilimpa vile vidonge vya dozi moja, akatapika. Alitapika usiku kucha mpaka ikawa maji ya kijani. Asubuhi alikuwa hanijui. Alikuwa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, anamwuliza kama mihogo imeiva. Nimeona malaria ya kichwa mara nyingi kituoni, na najua saa ngapi zinabaki. Nilitoa chupa ya serumu nikaitundika kwenye mti wa kibanda.

Msinione mjinga. Nilikumbuka ule mstari mwekundu. Nilisimama na ampuli mkononi nikaukumbuka neno kwa neno. Halafu nikafanya hesabu yangu ya shule: wiki tano. Dawa gani inakaa wiki tano? Hata ile tunayochoma sindano ya mafuta inakaa wiki nne. Imekwisha, imetoka, nikasema moyoni, na nikavunja shingo ya ampuli.

Mkunga alikuwa mlangoni. Sikumsikia akija.

"Unamuwekea nini?"

"Kwinini."

"Muangalie uso kwanza."

"Bibi, nipishe mwanga."

Akaingia, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Iko bado ndani yake. Angalia tu, iko bado. Mupe tena vile vidonge, na uji kidogo kidogo, mi nitamushika asitapike. Ukiweka ingine juu ya ile, utamuua."

Sijui nieleze vipi hasira iliyonipanda. Miaka yote ya bomba la maji na mabenchi matupu na minong'ono ilikuja yote kwa mara moja, na mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa yeye. Kuna kitu ndani yake! Nilikuwa nimelisikia neno hilo mpaka nimechoka. Nilimwambia, "Mi nilisoma miaka ine. Weye ulisoma wapi?" Nilimsukuma nje, na watu walikuwa wamekusanyika uani, wakaona namsukuma. Halafu nikatia kwinini kwenye chupa, nikaingiza sindano kwenye mshipa wa mama, nikafungua serumu.

Ilikuwa mchana, jua kali baada ya mvua, mwanga umejaa kibandani. Nilikaa na vidole vyangu kwenye mkono wake baridi. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, hata nikaanza kutabasamu. Halafu pigo moja likachelewa. Nikangoja. Likaja, halafu lingine likachelewa zaidi, nafasi katikati ikawa kubwa mno, na chini ya vidole vyangu kitu kikaanza kutetemeka, haraka haraka, dhaifu, kama ndagala kwenye kikapu. Mama akafumbua macho. Alinitambua, hilo nalishukuru. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Nani amewasha taa mingi hivi muchana?" Halafu macho yakapanda juu.

Alirudi mara moja. Nilikuwa nimeng'oa mrija, nimepanda juu yake, nabonyeza kifua, nalia, natukana. Alirudi, akavuta pumzi, mshipa ukapiga kama mara kumi hivi. Ukatetemeka tena. Mara ya pili hakurudi.

Hakuna mwanamke aliyetaka kumwosha. Walisimama mbali, chini ya migomba, wakishika watoto wao. Aliyekuja ni mkunga, na chungu cha maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni alichokuwa amekificha sijui tangu lini. Tulimwosha sisi wawili. Tulipomvua nguo niliona kifua chake, tumbo lake, mapaja yake, ngozi yote ya kahawia, laini, ya mama yangu niliyemjua, na juu yake ule uso wa majivu kana kwamba umewekwa na mtu mwingine. Mkunga alipitisha kitambaa usoni taratibu, mara nyingi, zaidi ya ilivyohitajika. Kisha alinusa shingo ya mama, akafumba macho yake. Nilimwona akifanya hivyo, nikamchukia.

Tulizika asubuhi yake. Baada ya maziko wanaume walikaa, na yule mwenye umri mkubwa kuliko wote akaniuliza mbele ya watu, kama inavyoulizwa kwetu, "Mama yetu ameuliwa na nini?" Kila mtu alinitazama. Nilikuwa bado na plasta ya serumu imegandia kwenye kidole changu. Ningeweza kusema malaria. Lingekuwa jibu zuri tu, na nililiamini nusu. Lakini waliniona nikiweka serumu, waliona alikufa serumu ikiwa inaingia, na niliona swali lingine machoni mwao, na niliogopa. Nikasema, "Mumuulize bibi. Alisimama mulangoni mbele serumu haijaingia, akasema mama atakufwa."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Mtu anaweza kusema sikudanganya. Nilikata tu kipande.

Mtu mmoja akasema na yeye alisikia. Mwingine akasema bibi alinusa maiti. Yule mama wa ndoo ya maji, Mungu amsamehe, akasema kumbe siku zote mchawi hakuwa mama, alikuwa yule anayemshika mkono bila kuogopa. Watu wale walikuwa na njaa na hofu ya miaka, walihitaji mahali pa kuiweka, nami nilikuwa nimewaonyesha. Mkunga alinitazama kwa lile jicho lake zima. Alingoja nimalizie sentensi. Sikuimalizia. Akaingia kibandani kwake, akatoka na kifurushi, akashika njia ya kwenda Lulimba kwa binti yake. Walimtupia udongo, kisha mawe, lakini hawakumfuata mbali. Mimi, mwenye diploma, niliyegombana na mji mzima kwa sababu ya uchawi, nilisimama kando ya kaburi bichi nikamwangalia akiteremka mpaka migomba ikamficha.

Vita iliisha kama inavyoishaga, kidogo kidogo, bila mtu kukuambia. Nilirudi Baraka, nikarudi kazini. Nilipata sifa ya muuguzi mkali. Miaka ikapita, wakatuita wauguzi wa wilaya kwenda Uvira kwenye mafunzo ya wiki moja, na siku ya tatu munganga mmoja mwanamke, kijana, akatufundisha dawa za moyo. Akaandika amiodaroni ubaoni. Nilishtuka kuiona imeandikwa wazi vile, mbele ya watu.

"Dawa hii," akasema, "usiihesabu kama nyingine. Inajificha kwenye mafuta ya mwili, kwenye ini, kwenye ngozi. Mgonjwa akiacha leo, itaendelea kufanya kazi wiki nyingi, hata miezi."

Niliinua mkono. Nilisikia sauti yangu ikiuliza kuhusu mgonjwa aliyeacha wiki tano.

"Wiki tano si kitu."

"Uso wake ukiwa bado na rangi ya majivu? Mikono ya baridi?"

"Hiyo ni alama dawa ilijaa mwilini," akasema. "Na baridi inatoka kwenye shingo, dawa inapunguza nguvu ya tezi ya pale inayoupa mwili joto. Mgonjwa kama huyo hapewi kwinini hata kidogo. Na akiwa ametapika sana ni mbaya zaidi, kwa sababu kutapika kunamwondolea ile potasiamu ambayo moyo unaitegemea." Kisha akaniangalia vizuri. "Mama, unataka kukaa?"

Nilikuwa nimesimama bila kujua. Nilitoka nje. Kila alichosema yule kijana kwa chaki, bibi asiyejua kusoma alikuwa ameniambia mlangoni, amenishika mkono.

Sikumaliza mafunzo. Nilirudi Baraka, na juma lililofuata nikapanda pikipiki mpaka Fizi, na kutoka Fizi nyingine mpaka Lulimba, barabara yote matope na wachimba dhahabu wanaokwenda Misisi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na kitenge kipya kwa ajili yake, na sukari, na sabuni. Nilikuwa nitapiga magoti. Nilijiambia akitaka kunipiga mbele ya watu anipige, akitaka nitangaze kanisani nitatangaza. Nilijiambia pia kwamba pengine amekufa, alikuwa mzee, na basi nitapiga magoti kwenye kaburi.

Nyumba ya binti yake walinionyesha mara moja. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, ana jicho la mama yake, lile zima. Alikuwa anaanika mihogo kwenye turubai. Nilimwambia natoka Baraka, nikamtajia mtaa wetu. Akaacha mihogo, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akanikumbatia kabla hata sijaeleza mimi ni nani. Alinipa kiti, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe, akakaa chini karibu na magoti yangu, uso umemng'aa.

"Karibu, yaya, dada yangu. Karibu sana. Niambie," akasema, "mama yangu iko aje?"

Sikuelewa. Nilimwambia mama yake alikuja huku. Wakati wa vita. Alishika njia ya huku.

"Apana," akasema, bado anatabasamu kidogo. "Hakufika. Siye tulijua iko na nyinyi. Kila muntu wa Baraka akipita namuuliza, banasema labda iko ng'ambo mu kambi. Batoto yangu banamungojea." Tabasamu likaanza kutoka. "Alitoka na nani?"

"Peke yake."

"Peke yake? Mu vita ile? Muzee na jicho moja?" Akasimama. "Ni nani alimuachilia?"

Neno vita lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lilikuwa neno zuri, kila mtu nchi hii analikubali, angelia nami ningelia naye. Nikaweka kikombe chini.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi nilifanya bamufukuze. Na hakufanya kitu."

Hakupiga kelele. Nilifungua mdomo nianze kueleza, dawa, uso, serumu, akaninyooshea kiganja.

"Ngoja," akasema. "Usianze. Bakuje basikie bote."

Akageuka kuelekea nyuma ya nyumba, akaanza kuwaita watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina.